Ngoma Moja, Vita Vingi: Je, Kupenda Sanaa Kwaweza Kuzuia Vita?

Utangulizi

Swali la kama sanaa yaweza kuzuia vita ni swali kongwe, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Wako wasemao kwamba mtu apendaye muziki na ushairi hawezi kumwinulia jirani yake panga, kwa kuwa moyo wake umekwisha kulainika. Wako pia wasemao kwamba sanaa ni pambo tu, na kwamba bunduki zikilia ngoma hunyamaza. Katika makala haya tutajaribu kulipima swali hili kwa historia ya nchi moja, Burundi, na hasa ule ukanda wa ziwa Tanganyika uanzao Bujumbura, ukapita Kabezi na Rumonge, ukafika Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania.

Tumeuchagua ukanda huu kwa sababu tatu. Kwanza, Burundi ni nchi ambayo sanaa yake moja, yaani ngoma, iliheshimiwa na watu wa makundi yote, Wahutu, Watutsi na Watwa. Pili, ni nchi ambayo vita na mauaji viliirudia mara kwa mara, na ukanda wa ziwa uliumia kila mara. Kama kweli kupenda sanaa kunatosha kuzuia vita, basi hapa ndipo tungepata ushahidi. Tatu, ukanda huu ni mmoja wa milango ambayo lugha yetu iliingilia katika nchi za Maziwa Makuu. Wafanyabiashara wa Ujiji walipita hapa kwa mitumbwi. Livingstone na Stanley walifika Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, mwezi wa Novemba 1871, na jiwe la ukumbusho wao liko hapo. Kiswahili cha Rumonge, kama kile cha mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ni lugha ya soko, ya ndagala na mawese, ya abiria na wavuvi. Yaliyotukia hapa yaliwapata wasemaji wa Kiswahili pia, na hayawezi kuwa mambo ya mbali kwetu sisi tunaoifundisha lugha hii.

Ngoma na ufalme

Kwa Kirundi neno moja, ingoma, hutaja mambo mawili: ngoma ipigwayo, na ufalme wenyewe. Aliyeshika ngoma ndiye aliyeshika nchi. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda, nayo ilikuwa na walinzi wake na miiko yake. Kila mwaka ilifanywa sikukuu ya umuganuro, ambapo mwami alibariki kupandwa kwa mtama, na ngoma zilipigwa kuitangazia nchi kwamba mwaka wa kazi umeanza. Hivyo mkulima wa kilimani, hata kama hakuiona Karyenda maisha yake yote, alijua kwamba jembe lake na ngoma ile ni mambo yaliyofungamana.

Ngoma yenyewe huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti uzungumzishao ngoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Sehemu zake zina majina ya mwili wa mama: kuna tumbo, kuna maziwa, kuna kitovu, na kuna urugori, lile taji la mama mzazi. Wapigaji hujipanga nusu duara wakiizunguka ngoma ya katikati, inkiranya. Ngoma nyingine, ziitwazo amashakwe, hushikilia mdundo usiobadilika. Na nyingine, ibishikizo, huifuata inkiranya popote iendako. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akicheza na kupiga kwa zamu yake. Hapana mtu awezaye kuipiga ngoma hii peke yake ikawa ngoma.

Karibu na Gitega ipo Gishora, mahali patakatifu pa ngoma panaponasibishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi mwaka 1908. Ngoma mbili za hapo zaitwa Ruciteme na Murimirwa, na majina yote mawili yanahusu kufyeka na kulima kwa ajili ya mwami. Koo zilizozilinda ngoma kwa sehemu kubwa zilikuwa za Wahutu, wakati mwami na watoto wa kifalme, yaani Waganwa, walihesabiwa kuwa kundi lililo juu ya Wahutu na Watutsi. Kwa hiyo ngoma iliwakusanya watu wa asili mbalimbali katika kazi moja.

Lakini tusilitukuze jambo hili kupita kiasi. Ule ulikuwa umoja wa ngazi. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na mahali pa mmoja palikuwa juu ya mahali pa mwingine. Sanaa iliupamba mpango huo, haikuuhoji. Nao ulipoanza kuvunjika, ngoma haikuwa na nguvu ya kuuzuia usivunjike. Wakati wa utawala wa Wabelgiji umuganuro ulikoma katika miaka ya mwisho ya 1920, na machifu wa Kihutu waliondolewa hatua kwa hatua hata kufikia mwaka 1945 hakubaki mmoja. Tarehe 13 Oktoba 1961 Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeungwa mkono na watu wa makundi yote, wakiwamo Waswahili wa Buyenzi, aliuawa kwa risasi kando ya ziwa mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ukafutwa. Ngoma ikabaki, ila ile maana ya pili ya neno ingoma haikuwapo tena.

Sahani ya muziki na mwaka 1972

Mwaka 1967 wapigaji ngoma wa Burundi walirekodiwa na Wafaransa, na sahani ya santuri ikatolewa. Mwaka 1971 mdundo huo uliongezewa vyombo vya kizungu, ukatolewa tena kwa jina la "Burundi Black" na kuchezwa katika kumbi za dansi za Ulaya. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliutumia katika wimbo wake mmoja, na miaka michache baadaye vikundi vya vijana wa Uingereza viliuiga. Twaweza kusema kwamba katika miaka ile ngoma ya Burundi ilikuwa mojawapo ya sauti za Afrika zilizopendwa sana ng'ambo.

Sasa tuangalie yaliyotukia nyumbani katika miaka hiyohiyo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu za Bujumbura, wakawaua Watutsi wengi wa ukanda wa ziwa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu miezi kadhaa. Waliotafutwa kwanza walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Wengine waliitwa kwa majina kutoka madarasani, wakapakiwa malorini, wasirudi. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wenyewe huyaita mambo hayo ikiza, yaani balaa kuu. Watu wengi walivuka ziwa na mpaka wakaingia Kigoma, na baadaye wakapewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Hatusemi kwamba mcheza dansi wa Paris alikuwa na hatia ya mauaji ya Rumonge. Twasema tu kwamba mapenzi yake kwa ngoma hayakumfikisha kwa mpigaji. Alipata mdundo bila kupata habari, na ulimwengu kwa jumla ulinyamaza. Hili ni somo la kwanza: mtu aweza kuipenda sanaa ya watu fulani kwa dhati huku watu wenyewe hawajui wala hawajali.

Sanaa ikiwa silaha

Huenda msomaji akadhani kwamba upungufu huo ni wa wageni tu, na kwamba watu walioizaliwa sanaa moja hawawezi kuitumia kwa uadui. Historia ya pwani yetu yakanusha. Mwanzoni mwa karne ya 19 miji ya Lamu, Pate na Mombasa ilikuwa na ushairi wa kiwango ambacho hadi leo tunawafundishia wanafunzi wetu. Ndiyo miji hiyohiyo iliyopigana Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, Mombasa na Pate zikiwa upande mmoja na Lamu upande wa pili. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi ya kukejeliana na kutishana katika uhasama huo wa miji yao. Kila upande ulifahamu vyema mizani, vina na mafumbo ya upande wa pili. Walipendana katika fani, wakachukiana katika maudhui. Ushairi haukuzuia jahazi hata moja lisitweke tanga kwenda vitani.

Karibu na Burundi upo mfano mzito zaidi. Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa Rwanda. Nyimbo zake, zilizojaa ufundi wa ngoma na lugha ya Kinyarwanda, zilipigwa na redio ya RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwezi wa Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Kosa lililothibitishwa lilikuwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti akiwa barabarani, akiwahimiza watu kuua. Nyimbo zenyewe hazikuwa msingi wa hukumu, ingawa mahakama ilikubali kwamba zilitumika katika uenezi wa chuki. Waliozisikiliza walizipenda, na mapenzi hayo yalikuwa sehemu ya nguvu zake.

Hata hivyo pwani hiyohiyo ilituachia mfano wa kinyume. Mtaani Lamu, pande mbili za Mkomani na Langoni zilikuwa na desturi ya kushindana kwa ngoma na mashairi. Kuanzia miaka ya 1890 ikatokea ngoma ya beni, iliyoenea bara hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na baada yake, ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare, walijipa vyeo vya kijeshi, walipiga matarumbeta na kuandamana kama majeshi. Ushindani ulikuwa mkali, na mara nyingine ugomvi ulizuka. Lakini mshindani alihitajika. Bila Arinoti, Marini hawakuwa na wa kumshinda. Ikawabidi waihifadhi kambi ya pili ili mchezo uendelee kesho. Tofauti hii kati ya beni na Vita vya Shela yafaa tuikumbuke, kwa sababu inatuonyesha kwamba jambo kubwa si kiasi cha mapenzi ya sanaa, bali ni kazi gani sanaa inampa mpinzani.

Kimya baada ya balaa

Turudi ziwani. Baada ya mwaka 1972 walioondokewa na jamaa zao ndani ya Burundi hawakuruhusiwa kuomboleza hadharani. Kuyataja majina Mhutu na Mtutsi katika siasa kulikatazwa chini ya Micombero, na pia chini ya Jean-Baptiste Bagaza aliyetawala kuanzia mwaka 1976 hadi 1987. Ngoma iliendelea kupigwa katika sherehe za taifa na katika ziara za nje. Watu wote waliipenda kama zamani. Lakini haikuwa na maneno ya kusema kilichotokea Rumonge, wala kilichowapata walimu waliochukuliwa darasani. Mjane wa Kihutu na mjane wa Kitutsi waliweza kusimama katika uwanja mmoja wakashangilia ngoma moja, kila mmoja akiwa na msiba ambao mwenzake hakuusikia hata siku moja.

Maneno yalipatikana kwingine. Katika makazi ya wakimbizi nchini Tanzania habari za mwaka 1972 zilisimuliwa usiku kwa usiku, wazee kwa watoto, na humo Mishamo kikaasisiwa chama cha Palipehutu mwaka 1980. Nchini kwenyewe, upande wa pili nao ulisimuliana habari za waliouawa Rumonge na Nyanza-Lac. Kila upande ulikuwa na fasihi simulizi yake, kamili na yenye uchungu, na kila upande haukuwa na nafasi ya kuisikia ya mwenzake. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilizuka, na watu wapatao 300,000 walikufa kabla havijaisha.

Kabezi iliona vita hivyo kwa karibu. Vilima vinavyoinuka juu ya barabara ya ziwa vilikuwa maficho na njia za wapiganaji wa FNL, tawi lililotokana na Palipehutu ile ya Mishamo. Mwezi wa Septemba 1999 serikali iliwahamisha kwa nguvu wakulima wa wilaya za Bujumbura Vijijini, Kabezi ikiwamo. Watu zaidi ya 300,000 walitolewa mashambani wakawekwa katika kambi za mabanda ya majani na mahema, wengi bila maji ya kutosha. Kambi hizo zilifungwa mwaka 2000, baada ya Nelson Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, kuzipinga vikali. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini FNL hawakuwamo. Walitia saini yao na serikali jijini Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2006, na silaha zao ziliwekwa chini mwaka 2009. Kwa watu wa Kabezi, basi, amani ilikuja karibu miaka tisa baada ya mkataba ambao ulimwengu uliushangilia.

Jirani katika redio

Katikati ya vita hivyo kulifanyika jambo ambalo latufaa sana katika mjadala huu. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura, ambamo waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi waliandaa habari pamoja. Mwaka 1997 ulianza kusikika mchezo wa redio kwa Kirundi uitwao "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu. Mtunzi wake alikuwa Marie-Louise Sibazuri, mwandishi mashuhuri wa tamthilia nchini. Mchezo huo uliwahusu majirani wa makabila mawili, na uliendelea kwa mamia ya vipindi.

Uzito wa mchezo huu ni kwamba uliyasema hadharani yale yaliyokuwa yakisemwa gizani. Woga wa Mhutu na woga wa Mtutsi viliwekwa katika nyumba mbili zinazopakana, vikapewa sauti ambazo msikilizaji alizoea kuzingoja kila wiki. Yule ambaye hakuwahi kusikia msiba wa upande wa pili aliusikia kutoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kumpenda kama mhusika. Hapa mapenzi ya sanaa yalifanya kazi ambayo mapenzi ya ngoma hayakuifanya.

Je, michezo ya namna hii hubadili watu kweli? Nchini Rwanda, mchezo wa redio uitwao "Musekeweya", ulioanza mwaka 2004, ulichunguzwa na mtaalamu wa elimunafsi Elizabeth Levy Paluck, aliyetoa matokeo yake mwaka 2009. Kwa muda wa mwaka mmoja vikundi vya wanakijiji vilisikiliza pamoja. Baadhi vilisikiliza mchezo huo wa upatanisho, vingine mchezo wa mambo ya afya. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao juu ya jinsi watu wa kwao wanavyoishi na wanavyopaswa kuishi: kwamba inafaa kusema usipokubaliana, kwamba inafaa kuaminiana. Na matendo yalibadilika. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda kiwe mali ya wote. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mahali azitunze, basi. Waliosikiliza "Musekeweya" walibishana, wakashauriana, wakatafuta namna ya kuzitunza wenyewe kwa pamoja.

Matokeo haya yana somo kubwa kwa mwalimu. Sanaa haikuwafanya watu wawe wema moyoni kwa ghafula. Iliwazoeza kutofautiana kwa maneno bila kumngoja mkubwa aamue. Na watu waliozoea kupinga kwa maneno ni wagumu kuamrishwa kuua.

Ngoma ni ya nani?

Mwezi wa Novemba 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu wote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, agizo la Rais Pierre Nkurunziza liliweka masharti juu ya upigaji wake: vikundi vitakavyo kupiga nje ya sherehe za serikali vipate kibali na kulipa ada, na wanawake wasiipige. Wakati huo vilikwisha kuwapo vikundi vya wanawake wapigaji, na zile sehemu za ngoma zilikuwa bado na majina ya mwili wa mama.

Hatutaki kuingia katika ugomvi wa mila na usasa. Twataka kuonyesha tu kwamba agizo hilo lilitolewa kwa jina la kuipenda na kuihifadhi sanaa. Mapenzi ya sanaa, kwa hiyo, yaweza pia kuwa sababu ya kumtoa mtu nje ya duara. Ukiwa na ngoma inayopendwa na wote, swali linalobaki ni nani anaruhusiwa kuipiga, na nani anakaa akitazama.

Hitimisho

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Kupenda sanaa, peke yake, hakuzuii vita. Burundi yote iliipenda ngoma, na vita vikaja. Lamu na Mombasa zilipenda ushairi mmoja, na zikapigana. Ulaya ilipenda mdundo wa Burundi, na haikusikia kilio. Wala tusidai kwamba sanaa husimamisha bunduki zilizokwisha kulia. "Umubanyi Niwe Muryango" ulisikika miaka mingi huku Kabezi ikiwa bado vitani. Kilichozinyamazisha bunduki ni mapatano ya wenye bunduki.

Hata hivyo hatuwakubalii wale wasemao kwamba sanaa ni pambo tu. Vita havianzi siku ya risasi ya kwanza. Huanza pale ambapo msiba wa jirani haufahamiki, na hapo ndipo sanaa ina kazi, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba impe mpinzani nafasi ndani ya duara, kama beni ilivyompa, kama nusu duara la ngoma linavyompa kila mpigaji zamu yake. La pili ni kwamba iwe na maneno ya kusema lile linalouma, kama ule mchezo wa redio. Ngoma ya Burundi ilitimiza sharti la kwanza kwa kiasi, ikakosa la pili. Na kile kilichokosa maneno uwanjani kilitafuta maneno Mishamo.

Katika milima iliyo juu ya Rumonge, kwenye seminari ya Buta, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wapiganaji waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa kujitenga, na 40 wakauawa. Vijana hao walikuwa wamelala bweni moja na kula meza moja miaka yote ile ya vita, wakati nchi nzima ilikuwa ikigawanyika. Hatukuwataja ili kusema kwamba shule yaweza kumkinga mtoto na risasi. Tumewataja kwa sababu wanaonyesha kwamba mazoea ya kukaa pamoja hupatikana shuleni, na kwamba yaweza kuwa na nguvu kuliko amri ya mwenye silaha.

Hapa basi ndipo ilipo kazi yetu walimu wa Kiswahili. Tangu Burundi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha yetu imepata nafasi kubwa zaidi katika shule zake. Kando ya ziwa Kiswahili kina sifa moja adimu: si lugha ya Wahutu wala ya Watutsi, na mkimbizi aliyerudi kutoka Kigoma huizungumza sawa na mvuvi ambaye hakuondoka Rumonge. Tukiwafundisha wanafunzi ngeli na methali tu, watapata alama nzuri katika mtihani. Lakini tukiwapa pia mchezo wa kuigiza ambamo kila mmoja hucheza nafasi ya yule asiyefanana naye, tukawaacha wajibizane kwa mashairi na kubaki darasa moja, tukawaruhusu wasimulie kwa lugha hii waliyoyasikia kwa babu na bibi zao huku wengine wakisikiliza hadi mwisho, tutakuwa tumewazoeza jambo ambalo wazazi wao wengi walinyimwa.

Wenzetu wanaofundisha Kabezi, Rumonge, Kigoma na Uvira wanaweza kuanza muhula huu, kwa kipindi kimoja kwa wiki. Haihitaji vifaa vya gharama. Yahitaji mwalimu asiyeogopa kusikia hadithi mbili za msiba katika chumba kimoja.